Kahawa ya Subukia na Mlango wa China: Tathmini ya Huduma ya Wakala Mmoja wa Nakuru

Mwezi wa Februari 2025, chama chetu cha wakulima wa kahawa kutoka Subukia kililipa shilingi 168,000 kwa kampuni moja ya uwakala yenye ofisi katikati ya jiji la Nakuru, ili ituandae na kututafutia wateja wa kahawa iliyokaangwa nchini China. Mimi ndiye katibu wa chama hicho, na kila risiti, kila barua na kila fomu ilipitia mikononi mwangu. Ninaandika tathmini hii kwa sababu tangu habari zetu zienee, wakulima wa parachichi kutoka Bahati, wafugaji wa nyuki kutoka upande wa Baringo na akina mama wanaosindika makadamia wamekuwa wakinipigia simu wakiuliza iwapo nao walipe. Kumjibu mtu ndiyo au la kwa simu si haki, kwa kuwa sehemu moja ya huduma hiyo ilitufaa kuliko tulivyotarajia, nyingine haikutufaa kitu, na nyingine ilikaribia kutunyang'anya jina letu wenyewe. Kampuni sitaitaja. Kosa lake kubwa imekwisha kulirekebisha, na huduma za namna hiyo hivi sasa zinatolewa na ofisi nyingi, hivyo msomaji anahitaji zaidi kujua la kuuliza kuliko kujua mlango wa kuukwepa.

Chama chetu kina wanachama thelathini na mmoja, wengi wao wakiwa na mashamba yasiyofika ekari mbili, yenye miti ya kahawa ya aina ya SL28 iliyopandwa na wazazi wetu na Ruiru 11 tuliyoiongeza baadaye. Kwa miaka minne sasa, sehemu ya kahawa yetu huwa hatuiuzi ikiwa mbichi, bali tunaikaanga mjini Nakuru kwa mtambo wa kukodi, tunaifunga katika pakiti za gramu 250 na kuzisambaza kwa maduka na hoteli chache za hapa mjini. Tulipoelekeza macho China, hatukuwa tukifuata ndoto. Tulikuwa tumeona jinsi kampuni ya Luckin, ya maduka ya kahawa ya kule China, iliyoanzishwa mwaka 2017 tu, ilivyofungua duka lake la elfu kumi mwezi Juni 2023, na tukajiuliza kahawa yote hiyo inatoka wapi, na kwa nini isiwemo yetu.

Huduma tuliyoilipia ilikuwa na sehemu tatu: mafunzo ya siku nne, maandalizi ya nyaraka na usajili, kisha kutafutiwa mnunuzi. Nitaanza na mafunzo, maana ndiyo sehemu ninayoweza kuisifu bila kusita.

Tulikuwa watu ishirini na wawili katika ukumbi, wengi wakiwa na bidhaa za shambani, na mkufunzi alikuwa bwana aliyefanya kazi ya forodha kwa miaka mingi. Alifundisha kwa utaratibu na hakumdharau mtu aliyeuliza swali mara mbili. Siku ya kwanza nzima aliitumia kueleza Amri nambari 248 ya Mamlaka Kuu ya Forodha ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, ambayo mwaka huo wa 2025 ndiyo iliyomtaka kila mzalishaji wa chakula aliye nje ya China asajiliwe na mamlaka hiyo kabla ya bidhaa yake kuingia. Alitufafanulia kwamba kulikuwa na makundi 18 ya vyakula ambayo usajili wake ulilazimika kupitia kwa serikali ya nchi anakotoka mzalishaji, na kwamba kahawa mbichi, njugu na mbegu, matunda yaliyokaushwa na mazao ya nyuki yalikuwamo humo. Kahawa iliyokaangwa haikuwamo, na chai pia haikuwamo, kwa hiyo mwenye kiwanda alijisajili mwenyewe kupitia mfumo wa mtandaoni wa mamlaka hiyo. Usajili ukikubaliwa hudumu miaka mitano.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo peke yake lilistahili ada ya mafunzo. Niliuliza ni nani hasa anayesajiliwa, sisi tunaolima na kumiliki pakiti, au mwenye mtambo wa kukaangia. Mkufunzi alisimama, akafuta ubao, akachora mstari kutoka shambani hadi dukani, na akaonyesha kwamba nambari ya usajili hufuata kiwanda ambamo chakula kinatengenezwa. Maana yake ni kwamba nambari itakayochapishwa kwenye pakiti zetu ni ya mwenye mtambo, na siku tukihamia mtambo mwingine, nambari hiyo haitufuati. Wiki iliyofuata tulikwenda kuandikiana mkataba na mwenye mtambo, jambo ambalo kwa miaka minne tulikuwa tumeliendesha kwa maneno ya mdomo na kuaminiana.

Somo la lebo nalo lilifanywa kwa makini ya kupendeza. Mkufunzi aliichukua pakiti yetu, akaiweka mezani, na akatuomba tuisome kana kwamba sisi ni maofisa wa forodha. Jina la bidhaa lilikuwapo, uzito ulikuwapo, nchi ya asili ilikuwapo. Hapakuwa na maandishi ya Kichina, hapakuwa na jina wala anwani ya wakala au mwagizaji aliye China, maelezo ya kuhifadhi yalikuwa sentensi moja ya Kiingereza, na nambari ya usajili bila shaka haikuwapo, ingawa hutakiwa kuonekana kwenye kifungashio cha ndani na cha nje. Kisha akaweka kidole kwenye tarehe. Sisi tulikuwa tumeandika 05/04/2025, tukimaanisha tarehe tano Aprili, kama tunavyoandika hapa kila siku. Viwango vya lebo vya China hupanga mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na anayepanga vinginevyo hulazimika kuonyesha mpangilio wake. Kwa tarehe kama yetu, ofisa mmoja angesoma Aprili na mwingine angesoma Mei, na mzigo ungebaki bandarini huku ukilipiwa ghala mpaka wakubaliane. Mama Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga mhuri wa tarehe kwa mkono wake, aliinukuu habari hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili.

Kwa upande wa kodi mafunzo yalikuwa mazuri nusu na ya hatari nusu, na ni lazima nieleze yote mawili. Mkufunzi alitufundisha kwamba bidhaa ya mgeni huingia China kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni uagizaji wa kawaida, ambapo wakati ule kahawa iliyokaangwa ya kwetu ilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 15 kwa kiwango cha kawaida, halafu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 13 juu ya jumla. Mzigo wa thamani ya shilingi 1,000 ulifika shilingi 1,299.50 kabla mtu hajagusa faida. Mlango wa pili ni biashara ya rejareja ya mtandaoni inayovuka mipaka, ile inayopitia majukwaa kama Tmall Global, ambapo mteja wa China hununua akiwa kwake na bidhaa hutolewa mara nyingi katika ghala lililo chini ya ulinzi wa forodha. Ikiwa bidhaa imo katika orodha inayoruhusiwa, ushuru wa forodha huwa sifuri na kodi ya ongezeko la thamani hutozwa kwa asilimia 70 ya kiwango chake, yaani asilimia 9.1, mradi ununuzi mmoja usizidi yuani 5,000 na ununuzi wa mtu mmoja kwa mwaka usizidi yuani 26,000. Katika mlango huo lebo ya Kichina inaweza kuwa ya kielektroniki, ikasomwa kwenye ukurasa wa mauzo.

Ubaoni mlango wa pili ulionekana kuwa peponi. Kilichoachwa ni kwamba asilimia 9.1 hiyo hukokotolewa juu ya bei ya rejareja anayolipa mteja, ikiwemo gharama ya usafiri na bima, na si juu ya bei ya jumla ambayo mwagizaji wa kawaida huionyesha forodhani. Kahawa inayotoka kwetu kwa shilingi 1,000 inaweza kuuzwa kwa mteja kwa zaidi ya mara mbili, na kodi yake itahesabiwa hapo juu. Kuongezea, majukwaa makubwa hudai dhamana ya fedha nyingi kabla ya kufungua duka, pamoja na ada ya kila mwaka na kamisheni ya kila mauzo, kiasi ambacho chama cha watu thelathini na mmoja hakiwezi kukitoa bila kuuza shamba. Mlango huo una faida zake, hasa kwa mwenye mtaji au kwa vyama vinavyoweza kuungana chini ya duka moja, lakini wakulima waliokuwa ukumbini walitoka wakiamini kwamba ni wa bure.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Kijana mmoja wa kampuni hiyo, aliyeshika zamu siku ya tatu, alituambia kwamba tangu tarehe 1 Desemba 2024 bidhaa zote za Afrika zinaingia China bila ushuru. Haikuwa kweli kwetu. Uamuzi ulioanza kutumika siku hiyo ulizihusu nchi zenye maendeleo duni zaidi zilizo na uhusiano wa kidiplomasia na China, na Kenya haimo katika kundi hilo, ilhali majirani zetu Uganda, Tanzania na Ethiopia wamo. Kwa hiyo mwezi ule tuliokuwa tukifundishwa, kahawa ya Ethiopia ilikuwa na nafuu ambayo yetu haikuwa nayo. Miezi michache baadaye, Juni 2025, katika mkutano uliofanyika mjini Changsha, China ilitangaza nia ya kuondoa ushuru kwa bidhaa za nchi 53 za Afrika, na Kenya imo humo, lakini tangazo la nia na kiwango kinachotumika forodhani ni vitu viwili. Mkulima anayepanga bei yake anapaswa kukokotoa kwa ushuru utakaokuwa ukitumika siku mzigo wake unapotua, na wakala anayelipwa kwa ajili ya kazi hiyo anapaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Wenzetu wa parachichi walihudumiwa vibaya kuliko sisi. Kenya ilitia saini makubaliano ya parachichi mbichi na China Januari 2022 na mzigo wa kwanza ukaondoka Agosti mwaka huohuo, lakini makubaliano hayo yanataka shamba lenyewe na kituo cha kufungia matunda viwe vimesajiliwa, na ukaguzi wa wadudu ufanywe na KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea. Mambo hayo yalipitiwa kwa nusu saa. Mtu mwenye parachichi angepata zaidi kwa kwenda moja kwa moja kwa maofisa wa KEPHIS.

Sasa nije kwa mteja mwenyewe, yule Mchina atakayekunywa kahawa yetu. Katika siku nne, habari zake zilichukua asubuhi moja, na sehemu kubwa ya asubuhi hiyo ilikuwa hesabu: watu bilioni moja na milioni mia nne, kila mmoja akinywa kikombe kimoja kwa wiki. Hesabu hiyo imewapotosha wafanyabiashara wengi wa nchi nyingi kabla yetu. China ni nchi ya chai tangu zamani, ina kahawa yake yenyewe inayolimwa katika jimbo la Yunnan, na wanaonunua kahawa ghali ya kutoka mbali ni wakazi wa miji mikubwa, wengi wao vijana, wanaosoma maoni ya wenzao kwenye Xiaohongshu, mtandao wa kijamii wa Kichina, kabla ya kutoa fedha na wanaouliza kahawa ilioshwaje na imekaangwa tarehe gani. Soko letu ni hao, nao wanatosha kabisa, ikiwa tutawajua.

Aliyetufundisha habari za mteja huyo kwa kweli hakuwa mkufunzi bali mkalimani wa kampuni, binti wa hapahapa Nakuru aliyejifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro na baadaye akaishi China kwa muda. Siku tulipopeleka sampuli za zawadi, tulikuwa tumetengeneza kisanduku cheupe safi, chenye pakiti nne ndogo zilizolala pamoja vizuri. Alikitazama kwa muda, kisha akamgeukia mwenyekiti wetu.

"Mama, samahani, naomba niulize. Nani alichagua pakiti ziwe nne?"

"Ndizo zinazoenea, mwanangu," Mama Mwenyekiti akajibu.

Ndipo binti akatueleza, kwa upole na bila kutuaibisha, kwamba kwa Kichina neno la nne linakaribiana kwa sauti na neno la kifo, na kwamba rangi nyeupe ndiyo rangi ya matanga. Mtu anayenunua zawadi ya kumpelekea mkwewe wakati wa Sikukuu ya Machipuko, yaani mwaka mpya wa Kichina, hawezi kubeba kisanduku cheupe chenye pakiti nne. Alitushauri tuweke nane, idadi ambayo kwao inahusishwa na heri, au sita, na tuitumie rangi nyekundu ya matunda ya kahawa yaliyoiva, rangi ambayo sisi tunayo bure kila msimu na hatukuwahi kuiweka kwenye pakiti.

Yeye ndiye pia aliyetuonyesha kifuko cha kuchujia kikombe kimoja. Ni kifuko cha karatasi nyembamba chenye gramu kumi hivi za kahawa iliyosagwa, kikiwa na mikono miwili ya karatasi ngumu inayofunguka na kushika mdomo wa kikombe. Mfanyakazi wa ofisini humwagia maji ya moto polepole, husubiri dakika mbili, kisha hutupa kifuko. Binti aliivunja pakiti yetu, akatengeneza vikombe viwili, kimoja kwa kahawa tuliyoikaanga kwa ajili ya hoteli za Nakuru hadi ikawa nyeusi na kung'aa mafuta, na kingine kwa kahawa ileile iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya mdalasini. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuionja kahawa yetu namna hiyo. Kulikuwa na ukali mtamu kama wa tunda, na mzee mmoja wa chama, aliyechuma kahawa tangu utotoni, alikirudisha kikombe mdomoni mara tatu na kusema kwamba harufu hiyo aliwahi kuisikia kiwandani tu, wakati buni zinapooshwa. Ladha hiyo ndiyo inayotafutwa na wanywaji makini wa Shanghai, nasi miaka yote tulikuwa tukiiunguza.

Kazi hiyo ya mkalimani haikuwa imeandikwa popote katika orodha ya huduma. Kama kampuni ingemweka yeye mbele ya darasa kwa siku mbili, ningewashauri wakulima wote wa kaunti hii wajiunge.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika fedha tulizolipa, shilingi 62,000 zilikuwa za kusajili alama yetu ya biashara nchini China. China hufuata kanuni ya anayetangulia kuwasilisha ombi: alama hupewa aliyeipeleka kwanza ofisini, si aliyeitumia kwanza sokoni. Mmarekani Michael Jordan aliishtaki kampuni ya Kichina iliyokuwa ikitumia jina lake kwa maandishi ya Kichina, na ilimchukua tangu mwaka 2012 hadi Desemba 2016 kupata hukumu ya Mahakama ya Juu ya Umma iliyomtambua kuwa na haki juu ya maandishi hayo. Ikiwa mtu mwenye jina kama hilo na mawakili wake alisubiri miaka minne, chama cha Subukia kinapaswa kuwasilisha ombi lake kabla ya kutuma hata gramu moja ya sampuli.

Mwishoni mwa Aprili tulikabidhiwa faili yenye nakala za maombi. Fomu ya alama ilikuwa ya Kichina tupu. Nilimwomba yule binti anisomee, nikidhani itachukua dakika tano. Alisoma mistari ya juu, akanyamaza, akairudia, kisha akasema, "Bwana Katibu, mwenye ombi hapa si chama chenu." Jina lililoandikwa lilikuwa la kampuni moja ya mji wa Guangzhou, China, ile iliyopangwa kuwa mwagizaji wetu. Jina la kijiji chetu, ambalo tumeliandika kwenye pakiti kwa miaka minne, lilikuwa limeombwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Subukia.

Nilipouliza ofisini, nilijibiwa kwamba ni utaratibu wa kawaida, kwa kuwa sheria ya China inamtaka mgeni asiye na makazi kule apitie kwa wakala. Hapo ukweli na upotofu vilikuwa vimefungwa katika sentensi moja. Ni kweli mgeni hupitia kwa wakala wa alama za biashara aliyeidhinishwa, lakini wakala huyo huwasilisha kwa niaba yako, na mwenye ombi hubaki kuwa wewe. Mtu aliye Kenya anaweza vilevile kusajili alama yake kwanza kwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hapa nyumbani, kisha akaipeleka China kupitia mfumo wa kimataifa wa alama uitwao mfumo wa Madrid, kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama. Katika njia zote hizo, mwagizaji hahitaji kuwa na jina lako. Akiwa nalo, siku mtakapokosana kuhusu bei ndiye atakayeweza kuzuia mizigo yako mwenyewe, au kununua kahawa ya kwingine na kuiuza kwa jina la kijiji chako.

Sidai kwamba kampuni ya Nakuru ilikusudia wizi. Ninavyoamini ni kwamba walifuata desturi iliyowarahisishia kazi na hawakufikiri ni nani atakayeumia. Lakini nilikasirika, na mpaka leo nikiikumbuka fomu ile huwa nasikia uchungu, kwa sababu wanachama waliochanga fedha hizo ni watu wanaouza kilo moja moja ya mahindi ili wapate mchango.

Tuliandika barua. Tulitaja kifungu cha 15 cha Sheria ya Alama za Biashara ya China, kinachomkataza wakala au mwakilishi kusajili kwa jina lake alama ya anayemwakilisha bila idhini, na tukaeleza kwamba tutaweka pingamizi ndani ya miezi mitatu tangu ombi litakapotangazwa, kama sheria inavyoruhusu, iwapo halitahamishwa. Majibu yalichukua wiki saba, wiki zilizokuwa ndefu mno kwetu. Hatimaye kampuni ilikubali ombi lihamishiwe kwa chama chetu na ikalipa gharama za uhamisho yenyewe, nami nimeiona risiti. Katika kufuatilia, nilijua pia kwamba ada ya serikali ya China kwa ombi la mtandaoni ni yuani 270 kwa daraja moja, karibu shilingi elfu tano, kwa bidhaa zisizozidi kumi, na kwamba kahawa na chai zote zimo katika daraja la 30. Wakala anastahili malipo ya kazi yake na tafsiri, lakini mteja anapoonyeshwa shilingi 62,000 bila mchanganuo, hana namna ya kujua analipia nini. Sasa tumeomba pia jina la Kichina, lililochaguliwa na sisi pamoja na yule binti, ili soko lisije likatubatiza kabla yetu.

Neno la siri la mfumo wa usajili wa forodha nalo lilikuwa mikononi mwa kampuni, na barua pepe iliyotumika kufungulia akaunti ilikuwa yao. Hilo lilirekebishwa siku hiyohiyo tulipolidai. Anayefikiria kulipa huduma kama hii aulize mambo hayo mawili kabla ya kutia saini, na adai yaandikwe katika mkataba: alama itaombwa kwa jina la nani, na akaunti ya usajili itafunguliwa kwa barua pepe ya nani. Ofisi isiyokubali kuyaandika haifai kupewa hata ada ya kiingilio. Na ukiletewa karatasi ya lugha usiyoijua, ipeleke kwa msomaji ambaye hajalipwa na aliyeiandika.

Kuhusu kutafuta mnunuzi, tuliahidiwa majibu ndani ya siku 90. Sampuli zilikwenda kwa watatu, wawili hawakujibu, na niliposoma barua iliyoambatanishwa na sampuli hizo nilielewa sababu: ilikuwa barua ya jumla inayosifu hali ya hewa ya Kenya, isiyotaja kahawa ilioshwaje, mwinuko wa mashamba wala tarehe ya mavuno. Kwa sehemu hii ningetoa nyota mbili kati ya tano, kwa nyaraka tatu baada ya marekebisho, na kwa mafunzo nne. Mkulima anayetaka kujifunza kanuni angelipia mafunzo peke yake, ambayo yaligharimu shilingi 18,000 kwa mshiriki, na kuacha yaliyobaki hadi awe na mtu anayesoma Kichina upande wake.

Wa tatu aliyepelekewa sampuli alikuwa mwenye duka dogo la kukaangia kahawa mjini Changsha. Hakuitaka kahawa yetu iliyokaangwa, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya haki: safari ya bahari kutoka Mombasa huchukua wiki nyingi, na wateja wake hawanunui kahawa ambayo harufu yake imekwisha kupotea njiani. Aliomba mbichi, daraja la AB, aikaange mwenyewe. Tulijadiliana sana katika chama, kwa sababu tulikuwa tumejipanga kuuza iliyosindikwa na si ghafi, na wako waliohisi tunarudi nyuma. Mwishowe tulikubaliana kumpelekea magunia mawili ya kilo 60 kupitia msafirishaji mwenye leseni, kwa sharti kwamba jina la kijiji liandikwe kwenye pakiti zake, chini ya jina la duka lake, na kwamba jina hilo linabaki kuwa letu.

Wiki iliyopita alitutumia picha. Pakiti ni nyekundu, zimepangwa nane nane kwenye rafu ya mbao, na chini ya maandishi ya Kichina limeandikwa jina la kijiji chetu kwa herufi tunazozijua. Mama Mwenyekiti aliikuza picha hiyo kwa vidole viwili hadi jina likajaza kioo cha simu, akalisoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama msimu ujao tunaweza kumwekea magunia sita.